Maswali ya Wasomaji: Mashine Imezimwa, Nguvu Imebaki Wapi?

Baada ya safu hii kueleza namna ya kuchagua fyuzi na breka za nyumbani, tulipokea barua ambazo, ingawa zinatoka kwa watu wa kazi tofauti kabisa, zinaulizia jambo moja: mtu ameumia, au ameponea chupuchupu, kwa mashine ambayo tayari ilikuwa imezimwa. Tumezichagua hizi zifuatazo. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na baadhi ya barua tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninamiliki mashine ya kusaga na kukoboa hapa Kibaigwa, mkoani Dodoma. Kijana wangu wa kazi alikatwa ncha za vidole viwili alipofungua mfuniko wa kinu ili abadilishe chekeche. Anaapa kwamba alikuwa amezima swichi, na wateja waliokuwepo wanamuunga mkono. Mume wangu anashikilia kwamba ni uzembe. Mashine iliyozimwa inawezaje kumkata mtu?

JIBU: Mama, pole sana kwa yaliyowakuta, na kijana umfikishie pole zangu. Kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kutomwamini. Swichi hukata umeme unaoingia kwenye mota. Haikati mwendo ambao rota imekwisha kuupata. Kinu cha nyundo, ambacho ndicho kinachotumika kwenye mashine nyingi za kusaga, huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika, nacho kimebeba sahani nzito za chuma pamoja na nyundo zenyewe, kwa hiyo umeme ukishakatwa huendelea kuzunguka mpaka msuguano wa beringi, mkanda na hewa uumalize mwendo wote. Kelele hupungua upesi kuliko mwendo, kwa sababu sehemu kubwa ya kelele ile hutokana na mahindi yanayopigwa na mota inayovuta mzigo, ilhali rota tupu inayomalizia mizunguko yake haisikiki sana, hasa mahali penye mashine ya pili inayoendelea kufanya kazi. Mtu mwenye foleni ya wateja na ndoo zao mbele yake huamini sikio, hulegeza mfuniko, na mkono wake hukutana na nyundo ambazo hakuziona.

Kwa hiyo jicho ndilo liamue. Pakeni mstari mweupe wa rangi kwenye puli ya kinu, wekeni kinga ya wavu badala ya bati zima ili mstari uonekane kwa nje, na iwe amri kwamba mfuniko haufunguliwi mpaka mstari umesimama kabisa. Njia iliyo bora zaidi ni ile isiyotegemea kumbukumbu ya mtu: badilisheni komeo la kufyatua kwa mkono mmoja, mfunge mfuniko kwa boliti zinazohitaji spana na ambazo kuzifungua huchukua muda mrefu kuliko ule ambao rota huhitaji ili isimame. Mafundi wengine hulalamika kwamba boliti zinachelewesha kazi, na hiyo ndiyo faida yake.

Umeniuliza kuhusu swichi, lakini nina wasiwasi na jambo ambalo hukuliuliza. Mashine nyingi vijijini na mijini zimefungwa swichi ya mkono ya kupandisha na kushusha, ambayo hubaki pale ilipoachwa hata umeme ukikatika. Umeme wa TANESCO ukikatika mchana, au uniti za luku zikiisha, mashine husimama na watu huiona kama imezimwa. Mtu akaona ndiyo nafasi ya kuondoa mahindi yaliyokwama. Wakati huohuo mwenzake dukani amenunua umeme kwa simu, anabonyeza tokeni yake ya tarakimu 20, na mashine inaanza kuzunguka mkono wa mtu ukiwa ndani yake. Hapo hakuna aliyewasha mashine kwa makusudi, na hakuna aliyekosea kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeweza kuitambua. Dawa yake ni stata yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo ndani yake mna koili inayoshikilia mgusano kwa nguvu ya umeme uleule. Umeme ukikatika koili huachia, na ukirudi mashine hukaa kimya mpaka mtu abonyeze kijani kwa hiari yake. Ukiwa na fedha za kutengeneza jambo moja tu mwaka huu, nakushauri utengeneze hilo.

La pili ni kufuli. Viwandani kuna utaratibu ambao Marekani iliuwekea kanuni mwaka 1989, na ambao sasa unafuatwa katika migodi na viwanda vikubwa vya hapa kwetu pia: anayeingiza mkono kwenye mashine huifunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo hukaa mfukoni mwake, na kibandiko chenye jina lake huning'inia pale. Wakiwa mafundi watatu, kufuli huwa tatu, na mashine haiwezi kuwashwa mpaka wa mwisho ametoa la kwake. Msimamizi hana ufunguo wa akiba wa kutumia kwa sababu tu wateja wanalalamika. Wewe huhitaji vifaa vya kiwandani. Swichi kuu yenye tundu la kupitisha kufuli dogo la dukani inatosha, maadamu wote wamekubaliana kwamba kufuli la mtu haliguswi na mwingine.

Yakikwama mahindi, kumbukeni pia kwamba mkanda uliovutika na kinu kilichobanwa huwa vimeshikiliana. Ukiondoa kilichobana, rota inaweza kuruka robo mzunguko ghafla hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo legezeni mkanda kwanza na mtumie kijiti, si vidole. Wenye mashine za dizeli wajue kwamba injini iliyosimama katikati ya mgandamizo inaweza kurusha gurudumu lake zito nyuma au mbele mtu anapolizungusha kwa mkono.

Kuhusu hoja ya mume wako, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha kwamba mashine anayompa mfanyakazi ni salama. Vilevile Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya aliyeumia akiwa kazini, na fidia yake haisubiri kwanza ithibitike nani alikuwa mzembe. Toeni taarifa ya ajali hiyo kwa mfuko na kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla hamjaendelea kubishana nyumbani.

SWALI: Mimi ni fundi wa elektroniki Kongowea, Mombasa. Nililetewa mashine ndogo ya kuchomelea ya aina ya inveta, imekufa kabisa, haiwaki hata taa. Niliichomoa, nikaiweka mezani, nikaifungua baada ya muda, na nilipoigusa ilinipiga hadi bega likafa ganzi. Wenzangu wananiambia niwe ninazishoti kapasita kwa bisibisi kabla ya kuanza kazi. Je, ndivyo?

JIBU: Ndugu fundi, shukuru kwamba umeweza kuandika barua hii. Umeme wa Kenya wa volti 240, ukishapita kwenye daraja la dayodi, linaloufanya uende upande mmoja tu, na kujazwa kwenye kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, hufikia kilele chake, takriban volti 339 za mkondo mnyoofu (DC). Mashine ndogo za kuchomelea huwa na kapasita kubwa mbili au zaidi zilizounganishwa sambamba. Tukichukua mbili za mikrofaradi 470 kila moja, nishati iliyomo ni nusu ya ukubwa wake mara volti kwa volti, ambayo ni kama jouli 54. Kiasi hicho chote kinaweza kutoka kwa kufumba na kufumbua, na njia ya kutoka mkono mmoja kwenda mwingine hupitia kifuani. Kapasita hapo ni kama tangi la maji juu ya paa: mamlaka imefunga maji barabarani tangu asubuhi, lakini bomba la jikoni bado linatoa.

Sasa angalia jambo ambalo mafundi wengi hawalipimi. Mashine isiyo na ubovu ikichomolewa, vifaa vyake vya ndani, kama vile feni na saketi ya uongozi, huendelea kunywa ule umeme uliobaki mpaka uishe, mara nyingi kwa sekunde chache tu. Mashine mbovu ndiyo inayobaki na chaji, kwa sababu kilichokuwa kiinywe kimekufa. Uliniambia haiwaki hata taa. Basi hapakuwa na kitu cha kuimaliza chaji ile isipokuwa rezista ya kumwagia, yaani kipande kinachoipitisha chaji polepole mpaka iishe, kama iliwekwa, na kama nayo haikuwa imekatika. Kwa maneno mengine, mashine zinazofika mezani kwako ni zile hasa ambazo hazipaswi kuaminiwa, na uzoefu alioupata mtu kwa kufungua mashine zisizo na ubovu hauna msaada hapo.

Bisibisi siikubali. Hulipua cheche inayoyeyusha chuma na kukirusha kuelekea machoni, huharibu ncha za kapasita na njia za shaba kwenye bodi, na mkondo wa ghafla kiasi hicho huweza kuidhoofisha kapasita kwa ndani ili ife baada ya mteja kuondoka. Lililo baya zaidi ni kwamba humpa fundi hakika ya uongo, kwa kuwa mlio wa «paa!» haukuambii kilichobaki ni volti ngapi, na kukosekana kwa mlio hakukuambii kama ncha uligusa kweli au uligusa juu ya vanishi.

Tengeneza kifaa chako cha kumwagia chaji. Chukua rezista ya waya ya omu 2,200 na wati 10, iunge kwenye nyaya mbili zenye ncha za kupimia zilizofunikwa vizuri, na ufunike viungo vyote. Kwanza pima kapasita kwa mita ukiwa umeweka kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, kisha gusisha kifaa chako kwenye ncha zake kwa sekunde 10 na zaidi, kisha pima tena. Kwa kapasita hizo mbili mkondo wa kuanzia hautazidi sana amperi 0.15, na ndani ya sekunde 10 karibu chaji yote imetoka bila cheche wala mlio. Tumia mkono mmoja kila inapowezekana, mwingine uwe mbali na mashine. Ukiondoka kwenda kula, acha ncha zimeunganishwa, maana kapasita kubwa zina tabia ya kurudisha sehemu ya chaji zenyewe baada ya kumwagwa.

Mita nayo ihakikishwe. Ijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, ndipo upime kifaa, kisha urudi kuijaribu pale pale ulipoanzia. Mita yenye betri iliyokufa au waya uliokatika husoma sifuri kila mahali. Na ile testa ya bisibisi yenye kitaa usiitumie kabisa kwa kazi hii. Taa yake huwaka kwa umeme unaopita mwilini mwako kwenda ardhini, ilhali chaji ya kapasita iliyochomolewa iko kati ya ncha zake mbili na haina habari na ardhi. Testa itakaa giza, nawe utapigwa.

SWALI: Mwanangu anasoma ufundi wa umeme mwaka wa kwanza na anataka kufungua maikrowevu yetu iliyoharibika. Anasema ikishachomolewa haina madhara. Nimruhusu? (Mama wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Usimruhusu, mama, na umwambie kwamba jibu hili halitokani na dharau kwa elimu yake. Transfoma ya maikrowevu hupandisha umeme hadi takriban volti 2,000, na kapasita yake hubaki na chaji inayoweza kuzidi kiwango hicho. Nyingi zina rezista ndani inayoimaliza chaji chini ya dakika moja, lakini rezista hiyo ikikatika hakuna dalili yoyote kwa nje. Pia nina hakika kwamba kijana akishaifungua na asione ubovu kwa macho, hatua itakayofuata ni kuichomeka ikiwa wazi ili apime, na hapo ndipo mafundi wenye uzoefu hufa. Akitaka mazoezi mpe pasi au birika la umeme lililochomolewa na kupoa. Televisheni za zamani za chogo nazo asizifungue bila mwalimu wake kuwa pembeni. Kioo chenyewe huweza kushikilia maelfu ya volti kwa siku kadhaa.

SWALI: Mtaani kwetu Bukoba umeme ukikatika, fundi wetu husema hiyo ndiyo saa nzuri ya kubadilisha soketi na holda za taa kwa kuwa hakuna haja ya kuzima meinswichi. Ni sahihi?

JIBU: Si sahihi hata kidogo, na fundi wa namna hiyo mimi nisingemwita tena. Umeme uliokatika kwa sababu usiyoijua utarudi kwa saa usiyoijua. Azime meinswichi, aifunge au amweke mtu mzima pale, ndipo apime. Tena kuna majirani wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia; umeme wa jenereta hiyo huweza kupanda kwenye nyaya za mtaa, na transfoma ileile inayoshusha umeme ikawa inaupandisha kuelekea kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameishika akiamini imekufa. Nyumba yako ikiwa na inveta ya betri, nayo huamka yenyewe sekunde ileile umeme unapokatika, kwa hiyo soketi zilizounganishwa nayo hazijafa hata mtaa mzima ukiwa gizani.

Niongeze kidogo kwa kuwa wengine wameuliza kama kuzima swichi ya ukutani kunatosha bila kuchomoa plagi. Swichi nyingi za soketi hukata waya mmoja tu. Nyaya zikiwa zimegeuzwa, jambo ambalo hutokea mara kwa mara kwenye nyumba zilizopitiwa na mafundi watatu au wanne, swichi huwa inakata nyutro na waya wa moto unaendelea hadi ndani ya kifaa. Kinachofunguliwa kichomolewe.

SWALI: Tunahamisha paneli za sola kutoka jengo la zamani la shule kwenda jipya, Kitui. Tumeshazima inveta na betri. Je, paneli ziko salama kuguswa?

JIBU: Paneli haina swichi. Inazalisha umeme muda wote inapopata mwanga, na mawingu hupunguza mkondo kuliko yanavyopunguza volti, kwa hiyo siku ya mawingu isiwape ujasiri. Paneli moja ya seli 60 ikiwa haina mzigo hutoa takriban volti 38. Zikiungwa 8 kwa mfululizo mnakuwa na zaidi ya volti 300 juu ya bati, na mmesimama juu ya bati hilohilo. Kuzima inveta kumeondoa mzigo tu.

Hatari ya kipekee ya mkondo mnyoofu ni cheche yake. Umeme wa kawaida wa mzunguko wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa sola haupiti sifuri kamwe, kwa hiyo mtu anayevuta kiunganishi mzigo ukiwepo huvuta nacho mwali unaoendelea kuwaka na kurefuka mkononi mwake, juu ya ngazi. Viunganishi vyenyewe huandikwa onyo kwamba visifunguliwe wakati mkondo unapita.

Mpangilio ninaowashauri ni huu. Zimeni vifaa vyote vinavyotumia umeme, kisha inveta, kisha ile swichi maalumu ya mkondo mnyoofu iliyo kati ya paneli na inveta au kidhibiti chaji. Mkitenganisha kidhibiti chaji, nyaya za paneli zitoke kabla ya nyaya za betri. Subirini kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha inveta, kwa kuwa nayo ina kapasita kama zile nilizomweleza fundi wa Kongowea. Kisha pimeni mkondo kwa mita ya kubana inayopima mkondo mnyoofu, na mkiona ni sifuri ndipo mfungue viunganishi, kimoja kimoja, mkivifunika vilivyo wazi. Kazi hiyo ifanyike jua linapokaribia kuzama, au paneli zifunikwe kwa turubai zito jeusi lililofungwa vizuri lisipeperuke. Yule aliye juu ya paa afungwe kamba, kwa maana hata mshtuko mdogo usiodhuru moyo unatosha kumwangusha mtu.

Betri nazo hazizimiki. Volti 12 hazikupigi, lakini betri kubwa ya asidi ikiguswa ncha zake mbili kwa spana hutoa maelfu ya amperi, na spana, au pete ya ndoa, huwa nyekundu kabla hujaiachia. Vueni pete na saa, fungueni waya wa hasi kwanza, na fungueni madirisha ya chumba, kwa kuwa gesi ya haidrojeni inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa.

SWALI: Gereji yetu Nairobi sasa inapokea magari ya mseto, yale yenye injini pamoja na mota ya umeme, mengi kuliko tulivyozoea. Ni kweli kwamba gari likizimwa bado lina umeme wa kuua?

JIBU: Ni kweli. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, kwa mfano, ina betri ya volti 201.6, na inveta yake huweza kuupandisha hadi volti 650. Tatizo la kwanza la gari la namna hii ni kwamba ukimya wake haumaanishi kuzimwa: likiwa tayari kwa safari injini inaweza kuwa imelala, kisha ikajiwasha fundi akiwa ameinamia mkanda. Angalieni taa ya utayari kwenye dashibodi, zimeni, na ufunguo wa kielektroniki upelekwe mbali na gari, usikae mfukoni mwa fundi anayeegemea mlango.

Kisha fungueni hasi ya betri ndogo ya volti 12, vaeni glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000 na kukaguliwa kama zina tundu, toeni plagi ya huduma iliyo karibu na betri kubwa, na aliyeitoa abaki nayo mfukoni hadi kazi iishe, kwa sababu ileile ya kufuli niliyoieleza kwa mama wa Kibaigwa. Baada ya hapo mtengenezaji anataka msubiri dakika 10 ili kapasita za inveta ziishe chaji, kisha mpime kwenye vituo vya inveta mpaka msome sifuri. Plagi hiyo hutenganisha betri na sehemu nyingine za gari. Haiimalizi betri yenyewe, kwa hiyo anayefungua kasha la betri yuko kwenye umeme hai hata kama gari limekaa juma zima. Nyaya zote za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, na mtu asizikate wala kuzichuna ili ajue zinakwenda wapi. Kwa mifuko ya hewa, ambayo iko kwenye magari ya kawaida pia, Toyota hutaka kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua betri ndogo kabla ya kugusa usukani au nyaya zake.

SWALI: Dereva wa tipa, Kahama. Bodi ikiwa imenyanyuliwa na injini nimeizima, naweza kuingia chini kupaka grisi?

JIBU: Usiingie, ndugu dereva, mpaka umesimamisha ile nguzo ya chuma iliyokuja na gari kwa kazi hiyo. Injini ikizimwa, bodi inashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa ndani ya jeki tu, na mpira mmoja ukipasuka, au msaidizi akigusa wenzo ndani ya kabini, hushuka kwa uzito wake wote bila kuhitaji injini wala betri. Kama nguzo ilipotea au ilikatwa kuwa chuma chakavu, shusha bodi hadi chini na upake grisi sehemu zinazofikika kwa nje, nyingine zisubiri gereji. Mpira wa mafuta ukivuja kwa tundu dogo usilitafute kwa kupitisha kiganja, kwa kuwa mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano. Pitisha kipande cha kadibodi. Aliyepenywa aende hospitali saa hiyohiyo na amweleze daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki, hata kama kidonda ni kitundu kisichotoa damu na hakimuumi bado, kwa sababu jeraha hilo huhitaji kupasuliwa mapema, na wanaochelewa hupoteza kidole au mkono.